Maji ya Saa Kumi

Redio iliwaka yenyewe Lusungu akiwa bado mlangoni, anakung'uta tope kwenye viatu.

Ilikuwa kwaya, imepunguzwa hadi pale ambapo mtu aliye chumba cha pili angeisikia bila kushtushwa nayo. Kisha birika likaanza kunguruma jikoni, na taa ya chumba cha wazazi wake, mlango ukiwa umerudishwa, ikachora mstari mwembamba wa manjano sakafuni. Ilikuwa asubuhi, lakini ukungu ulikuwa umekaa juu ya kijiji cha Ludungu kwa siku nyingi mfululizo, na asubuhi zenyewe zilikuwa na rangi ya majivu.

"Pita mwanangu, usisimame kwenye baridi," mama yake alisema kutoka jikoni. "Ameshakuwekea chai."

Lusungu hakuuliza ni nani aliyeiweka. Baba yake, Obeid Mgaya, alikuwa amelala nyuma ya shamba la viazi tangu kabla ya mavuno.

Alimkuta mama yake amejifunga blanketi juu ya kitenge, na kile kitambaa cheusi alichofunga siku ya mazishi bado kiko kichwani. Mezani palikuwa na vikombe vitatu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umekonda. Huko Mbeya hawali?"

"Wanakula. Mama, hiki cha tatu cha nani?"

"Birika linachemsha ya kutosha watu wawili kila siku, niwepo peke yangu nisiwepo. Nikitia maji kidogo linajizima. Leo uko wewe, tumekuwa watatu." Alisema hivyo akiwa anamimina, bila kutetemeka, kama mtu anayeeleza tabia za ng'ombe wake. "Na jioni ananichemshia maji ya kuoga. Tangi zima! Akiwa hai hakuwahi kunipashia hata kikombe. Wanaume wana mambo."

Akacheka. Lusungu alijaribu kucheka naye, ikamtoka pumzi tu.

Zamani betri ya nyumbani ilikuwa sanduku la kuwekea umeme wa jua, basi. Ulichoingiza mchana ndicho ulichotoa usiku. Hizi za sasa zilikuwa zinaisoma nyumba. Zilijua mvuto wa birika na mvuto wa pasi, zilijua nani huamka mapema na nani husahau taa, na kila kipande cha jua kilichopenya ukungu zilikigawa kabla hakijaombwa. Katika nyanda zile, ambako jua huonekana kwa kudokoa, hiyo ndiyo iliyofanya paneli zitoshe. Betri haikujua majina ya watu. Ilijua mazoea yao. Na hakuna aliyewahi kuifundisha kwamba mtu hufa na mazoea yake yakabaki.

Ya nyumba hii ilikuwa imejifunza zaidi ya zote, kwa sababu ya mashine ya oksijeni. Mwaka mzima wa mwisho mapafu ya Obeid yalitegemea mashine ile, na betri iliipa mashine heshima ya kwanza. Kila siku ilitenga sehemu kubwa ya umeme wake na kuilinda isiguswe na kifaa kingine chochote. Alipofariki, mashine ilipelekwa zahanati. Akiba ya pumzi zake ikaendelea kutengwa.

"Mama," Lusungu alianza, akizungusha kikombe. Njia nzima kutoka Mbeya alikuwa ameyapanga maneno haya. Kazi yake ndiyo hiyo, kukaa kwenye sebule za watu na kuwaambia kama paneli na betri zinawafaa au haziwafai. Kwenye sebule za watu wengine ulimi haumfungi. "Nimefikiri kuhusu hivi vyombo. Nguzo za gridi zimeshafika hapa. Mtu mmoja, nyumba kubwa, ukungu miezi minne ya mwaka... paneli zinachakaa, betri inachakaa. Nadhani tungeviondoa."

"Tungemwondoa," mama yake alisema.

"Sijasema hivyo."

"Kunywa chai yako, inapoa."

*

Mzee Mtewele hakubisha hodi. Alisalimu "Kamwene!" toka uani na kuingia pamoja na sauti yake, makoti mawili mwilini, kofia ya sufu mkononi. Alikuwa mwenyekiti wa mgowe.

Hapo kale mgowe ulikuwa kulimiana mashamba, leo kwako, kesho kwangu. Vijana wa Ludungu walipofunga paneli waliunganisha nyumba kwa waya, na kila betri ikawa inamimina ziada yake kwa aliyepungukiwa. Jina likahama jembeni likakaa kwenye waya. Na desturi nayo ikahama. Kama vile nyumba yenye msiba isivyoitwa kulima, nyumba yenye matanga haikudaiwa umeme. Iliachwa nje ya waya mpaka siku wafiwa wanaponyoa nywele. Siku hiyo hiyo betri nayo husahaulishwa yote iliyojifunza, ianze upya na waliobaki. Watu walisema betri imenyolewa.

Mama Lusungu alikuwa hajanyoa. Hakuna aliyemharakisha.

"Mhandisi amekuja na ukungu wake," Mzee Mtewele alisema, lakini utani haukufika machoni. "Mama Lusungu, nisamehe. Nisingekanyaga hapa kwa jambo hili. Ni mtoto wa Enesia."

Enesia alikuwa amecheza rede na Lusungu kwenye ua ule ule. Sasa alikuwa na binti wa miezi mitano, Lugano.

"Amefanyaje?" mama aliuliza.

"Nimonia. Yuko zahanati, amewekewa mashine. Ile ya marehemu. Kilima kimeporomoka chini kule, kimebeba barabara na nguzo. Gridi hakuna. Gari la wagonjwa linazunguka kwa njia ya msituni, wanasema kesho asubuhi. Zahanati imemaliza akiba yake, mgowe umemimina mpaka nyumba zote ziko gizani, hata mimi nimekula viazi vibichi nusu. Nesi anasema umeme uliopo hautafika hata saa sita mchana." Alikunja kofia kama anaikamua. "Nimepita nje nikaona taa chumbani kwenu."

Redio ikaendelea kuimba polepole.

"Hautoki," Lusungu alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Akiba ile imefungwa kwa mashine. Betri haiwezi kuimwaga kwenye waya mpaka inyolewe."

Wote wawili hawakumtazama mama. Walitazama vikombe. Mama ndiye aliyesimama.

"Mnaongea kama mtoto amefungwa mnyororo kule zahanati," alisema. "Si mmlete hapa? Mmlete na mashine. Kitanda kipo, soketi ipo. Obeid atampa."

*

Walimleta kabla ya adhuhuri. Enesia alikuwa amemfunga Lugano kifuani ndani ya makoti, nesi ameshika chupa ndogo ya oksijeni ya njiani, wanaume wawili wamebeba mashine kwa machela kama mgonjwa mwenzake. Lusungu alichomeka waya kwenye soketi iliyo kando ya kitanda, pale pale ilipokuwa imezoea kukaa.

Nyumba iliitambua. Taa ya chumba ilipungua, maana Obeid hakupenda mwanga machoni. Redio ikashuka sauti. Mashine ikavuta pumzi yake ya kwanza, ikaitoa, ikavuta tena, na Lusungu akasikia mgongo wake ukisisimka, kwa sababu mwaka ule wa ugonjwa, kila alipokuja nyumbani, alilala nyuma ya ukuta ule akisikiliza sauti hiyo, akiogopa isije ikakoma.

Mtoto alikuwa na rangi ya jivu pembeni mwa midomo. Baada ya muda rangi ikaanza kurudi. Enesia alikaa sakafuni, ameegemea kitanda, hana hata nguvu ya kulia.

"Lusu," alisema. "Wewe si ulisema hizi betri hazilipi? Nilisikia umekuja kuwashauri watu wazing'oe."

"Nilisema."

"Basi usiseme tena mpaka mwanangu akohoe vizuri."

Mama Lusungu alisimama mlangoni, mikono ndani ya blanketi, uso wake umefunguka kama ambavyo haukuwahi kufunguka tangu msiba. "Mmeona?" alimwambia nesi, alimwambia Mzee Mtewele, aliiambia nyumba. "Nilisema mimi. Alikuwa anaweka kwa sababu."

Lusungu alikwenda stoo kuangalia akiba ingefika wapi. Ilikuwa tabia ya kazi tu. Betri ilikuwa ukutani, juu ya magunia ya mbegu za viazi, kioo chake kidogo kikionyesha mpango wa siku kwa mistari. Umeme ulikuwapo wa kumfikisha mtoto mpaka asubuhi, na kubaki. Alishusha pumzi.

Halafu akaona kwamba mstari wa mashine haukufika asubuhi.

Ulikwenda sawasawa mpaka saa kumi alasiri, ukaanguka hadi chini kabisa. Kuanzia hapo mstari mwingine ulipanda kama ukuta, ule wa tangi la maji ya moto. Ulimeza karibu akiba yote mpaka magharibi.

Alirudi nyuma kwenye kumbukumbu, jana, juzi, wiki iliyopita, mwezi uliopita. Kila siku betri ilitunza pumzi mpaka saa kumi, kisha ikaziachilia zote ndani ya tangi. Alizidi kurudi nyuma mpaka akafika siku ya kwanza yenye umbo lile. Hakuhitaji kusoma tarehe. Alikuwapo. Saa kumi baba yake aliacha kupumua na nesi akazima mashine, na wanawake wakaingia wakikimbia na ndoo, na mtu akasema maji, washeni maji, aoshwe kabla giza halijaingia.

Betri huipa uzito siku iliyokuwa na mambo makubwa. Katika maisha yake yote haikuwahi kuona siku kubwa kuliko ile. Iliichukua kuwa mfano wa siku zote zilizofuata.

Maji aliyokuwa anaoga mama yake kila jioni yalikuwa maji ya kumwosha maiti.

Lusungu alikaa juu ya gunia. Kwanza aliwaza kama mhandisi, kwa sababu ndiyo iliyokuwa rahisi. Kuzima tangi kusingesaidia. Jua likiwa hafifu, betri hulinda mpango wake kwa ukali. Kifaa kinachoendelea kuvuta umeme baada ya saa yake huhesabiwa kimeharibika, nacho hukatwa, popote utakapokichomeka ndani ya nyumba. Saa kumi ikifika, mashine ingekatwa na Lugano yumo. Chupa ya nesi ilikuwa imebakiza dakika chache tu. Njia ilikuwa moja, kuinyoa.

Na kunyoa kulihitaji viganja vya watu wawili kwenye kioo. Mafundi walizitengeneza hivyo ili mtu mwenye hasira asije akawafuta wenzake peke yake. Baba yake, siku ile betri ilipofungwa, alichagua viganja vya kuandikishwa mwenyewe. Cha mkewe na cha binti yake.

*

Alimwita mama yake koridoni. Kupitia mlango walisikia mashine na, chini yake, pumzi nyingine ndogo yenye mkwaruzo.

"Mama, lazima tuinyoe. Sasa."

"Kwa nini? Si inampa mtoto?"

"Itakata. Saa kumi itakata."

Mama alimkazia macho. "Kwa nini saa kumi?"

Hapo ndipo ulimi ulipomfunga. Aliona mbele yake jioni zote za mama yake, peke yake bafuni, mvuke, ndoo, na kile kicheko cha wanaume wana mambo. Kilikuwa kitu pekee kilichombakia chenye joto. Angeweza kumchukulia mumewe, kwa kuwa mtoto yuko hai na mume hayuko. Hilo aliliona wazi. Lakini kumchukulia na yale maji, kwenda nyuma na kuyageuza yote kuwa kitu cha kutisha, nani alimpa ruhusa hiyo?

"Imezeeka," alisema. "Ina hitilafu. Saa kumi hitilafu inaanza."

"Baba yako alikuwa akinidanganya anatazama vidole vya miguu," mama yake alisema. "Na wewe unatazama vidole vya miguu."

"Mama..."

"Sema. Mtoto wa watu yumo humo ndani."

Lusungu aliinua macho. "Inafuata siku ile," alisema, na machozi yakamtangulia. "Siku aliyofariki. Inairudia. Inamwekea pumzi mpaka saa kumi, halafu... yale maji, Mama. Hayakuwa ya kukuogesha wewe. Samahani. Nisamehe."

Mama yake hakushtuka. Alirekebisha blanketi begani, taratibu, kama mtu anayejiandaa kutoka nje.

"Siku ile shangazi zako walitaka kuwasha kuni," alisema. "Nikasema kuni zitachelewa. Swichi ya tangi niliiwasha mimi, kwa mkono huu. Ulidhani sijui?"

Lusungu aliutazama mkono ule.

"Watu walipotawanyika, siku ya kwanza nikiwa peke yangu, nilisikia tangi linachemka. Nikatazama saa. Nilikaa pale jikoni nikaogopa kweli kweli. Nikasema, nyumba inataka kumwosha tena, na yeye hayupo. Sasa maji haya yaende wapi? Yamwagwe?" Alipangusa pua kwa ncha ya blanketi. "Siku ile mwili wake ulikuwa umeshapoa. Maji yalikuwa mazuri, ya moto, na yeye hakuyasikia. Basi nikaingia mimi, nikayasikia kwa ajili yake. Kila siku. Nikawa nasema, leo yamekolea, Obeid. Leo yamepoa kidogo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekuja kuing'oa. Si ndiyo kazi yako?"

Mle chumbani Lugano alikohoa, kikohozi chepesi kisicho na nguvu, na Enesia akaanza kumwimbia kitu bila maneno.

"Saa ngapi sasa?" mama aliuliza.

"Tisa imepita."

"Twende."

Stoo palikuwa na harufu ya udongo na viazi. Mzee Mtewele alisimama mlangoni amevua kofia. Nesi aliandaa chupa ya njiani kwa ile dakika ambayo betri ingekuwa haina kitu kichwani. Lusungu aliweka kiganja chake kwenye kioo. Mama yake aliinua cha kwake, kikabaki hewani.

Redio ilikuwa bado inaimba. Mama alisikiliza mpaka ubeti ule ukaisha.

"Haya, baba Lusungu," alisema, kama anavyosema mtu akizima taa kabla ya kulala, na akaweka mkono.

Nyumba ikazimika. Redio, taa, mngurumo wa friji ambao mtu huwa hausikii mpaka ukome. Mashine ilitoa pumzi nusu ikanyamaza. Katika giza lile la ukungu kilichosikika ni Enesia, "Lugano, Lugano, Lugano," haraka haraka, na nesi akisema taratibu, taratibu, bado ipo chupani. Lusungu alihisi bega la mama yake likimwegemea kwa uzito wote. Hakujua nani anamshikilia nani.

Kisha kioo kikawaka, cheupe, kitupu, hakina mstari hata mmoja. Na nyuma ya ukuta mashine ikavuta pumzi.

Saa kumi ilipofika walikuwa wote chumbani, wamesimama kuzunguka kitanda kama watu walioitwa. Mashine iliendelea. Tangi la maji halikuwashwa. Lugano alifungua macho, akamtazama Mzee Mtewele na makoti yake mawili, na akaanza kulia kwa hasira.

"Mnaona," mzee alisema, sauti imempasuka. "Sura yangu haijawahi kumpendeza mtoto."

*

Gari lilifika asubuhi iliyofuata, limechafuka mpaka juu ya kioo. Enesia alipanda na mtoto. Mashine ikapanda nao.

Mzee Mtewele alibaki uani na Lusungu, wakitazama ukungu ukifunga pale gari lilipopotelea. "Jumapili tunakutana kanisani," alisema. "Watu watauliza, tubaki na betri au tuhamie gridi. Wewe ndiye msomi wetu. Zinafaa, hazifai?"

"Zinafaa," Lusungu alisema baada ya kufikiri. "Ila mtu aambiwe kabla ya kufunga. Itakuja siku atatakiwa kuinyoa."

Mzee alisubiri maneno mengine. Hayakuja. Akavaa kofia yake.

Mama alikuwa amefungua kitambaa cheusi na kukaa kigodani, na shangazi mmoja amesimama nyuma yake na wembe. Nywele zilianguka nyeupe kuliko Lusungu alivyokumbuka. Alishindwa kutazama mpaka mwisho, akaenda stoo.

Kioo cha betri hakikuwa kitupu tena. Ilikuwa imeishi siku moja tu na waliobaki, na imejifunza kitu kimoja. Mstari mmoja, mwembamba, wenye mapigo madogo ya haraka, uliopita saa kumi bila kuanguka na kuendelea mpaka kioo kilipokwisha. Ilikuwa inamwekea Lugano, ambaye hayupo. Lusungu aliinua mkono kuisahihisha. Kisha akaushusha, akafunga mlango.

Alasiri alimkuta mama yake bafuni, kichwa kitupu, kidogo kama cha msichana. Saa kumi ilikuwa imefika. Alikuwa amefungua bomba la maji ya moto na kuweka mikono chini yake. Yalikuwa ya baridi. Aliyaacha yapite juu ya vidole mpaka vikafa ganzi, kisha akafunga bomba, akajipangusa, na akatoka nje kutafuta kuni.